Anatembea na Lulu

Mimi kutembea napenda, nisieleweke vibaya. Nikivaa baibui langu la nakshi, nikajifukiza udi, nikatia mkononi kimkoba changu cha ngozi cha Shiling, mji wa mikoba wa hapa China, nilichokinunua kwa bei ya jumla, nikaenda kwa shoga yangu yeyote, nikakaa kitako nikapewa chai na sambusa na habari za watu, huko ndiko kutembea ninakokujua mimi. Unatoka kwako, unafika kwa mtu. Ukienda mpaka ukachoka, na mwisho wa njia hakuna mtu wala chai, hapo hujatembea, umepotea.

Sasa akatokea kijana mmoja, Abdulwakil, akataka kunifundisha Kiswahili upya na umri wangu huu.

Nianze na Lulu. Lulu ni binti wa kaka yangu Haroun, yuko hapa Guangzhou, China, anasomea ufamasia kwa ufadhili wa serikali. Mimi niko hapa kwa biashara ya jinzi: nanunua viwandani Xintang, napakia kontena, napeleka Dar. Haroun, aliyebaki Unguja na duka lake la vitambaa Darajani, alimkubalia Lulu aje kwa sharti moja tu. Alinipigia simu akasema, "Bimdogo, huyu ni jicho langu. Nimekuwekea wewe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jicho lake litalindwa. Na kwa kweli nililinda. Kila Ijumaa Lulu anakula kwangu, na kila akipiga chafya mimi najua.

Basi Ijumaa moja akaniambia, huku anakunja kona ya kitambaa cha meza na kukikunjua, kwamba kuna mtu anataka kuja kunisalimia.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Mtu tu, Shangazi."

"Mtu tu anakukunjisha kitambaa changu cha meza hivyo? Jina lake nani?"

Akasema jina lake Abdulwakil, Mpemba wa Wete, anasoma shahada ya uzamivu ya mambo ya udongo, na kabla ya hapa alisoma Uingereza, katika mji mdogo ambao jina lake nilishindwa kulitamka. Nadhani lina herufi nyingi kuliko watu waishio humo. Nikasema haya, Ijumaa ijayo baada ya sala aje pale mkahawani Xiaobei tunapokula pilau, ghorofa ya pili, nimwone.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia Gharib asije. Gharib ni wakala wetu wa mizigo, Mzanzibari mwenzetu, mtu mwema sana, anakutolea mzigo bandarini hata ukiwa umeoza. Lakini palipo na pilau Gharib yupo, na mdomo wake hauna breki. Kijana alipoingia, Gharib alikwisha kukaa na kijiko mkononi.

Abdulwakil ni mrefu, mwembamba, ana ndevu chache alizozichana vizuri. Alivaa kanzu safi na kofia ya mkono, mtu ungemtazama kuanzia juu ukaridhika, mpaka ufike miguuni. Miguuni alivaa mabuti makubwa ya kamba yenye tope kavu. Nikajiuliza huyu katoka Wete au katoka kulima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akakaa. Lulu alikuwa ubavuni kwangu. Tukaulizana hali ya Pemba, hali ya masomo, hali ya mvua. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya meza, akavuta pumzi. Nikajua sasa linakuja lenyewe.

"Shangazi, mimi nimekuja kwa heshima. Sipendi mambo ya kujifichaficha. Nataka nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Mimi natembea na Lulu tangu mwezi wa tatu."

Mwenye Kiswahili chake anajua mwanamume akisema anatembea na mtoto wa watu amesema nini. Kijiko cha Gharib kilisimama njiani.

"Unasema unafanya nini naye?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo, nami sina sauti ndogo.

"Natembea naye. Kila Jumapili. Na Jumamosi pia, kama hana mtihani."

"Kila Jumapili."

"Ndiyo. Lakini si sisi wawili peke yetu, Shangazi, usije ukadhani vibaya. Tunakuwa kundi. Mara nyingine watu wanane."

Gharib akapaliwa na pilau. Nikampiga mgongoni bila kumtazama, maana macho yangu yalikuwa kwa Mpemba.

"Na mnatembea wapi, baba?"

"Mashambani huko, upande wa Zengcheng. Mjini hapana nafasi, watu wengi mno. Mwanzoni Lulu alikuwa akichoka haraka, lakini sasa mashaallah, ana pumzi kuliko mimi."

Lulu alikuwa ameshajifunika uso kwa menyu.

"Na mambo haya," nikasema, "umejifunza wapi?"

"Uingereza."

"Nilijua tu," akasema Gharib, machozi yanamtoka.

Hapo Lulu akashusha menyu akasema kwa haraka, "Shangazi, kwa miguu. Anasema kutembea kwa miguu. Kwenda. Hatua. Tunakwenda shamba, tunazunguka, tunarudi." Akamgeukia kijana. "Abdulwakil, hebu jisikilize."

Kijana akajisikiliza. Nilimwona neno linamrudia kichwani, linageuka, linamwonesha upande wake wa pili. Uso wake ulibadilika rangi mpaka masikioni. Akasema "Astaghfirullah" mara kadhaa, akasimama, akakaa, akataka kunywa maji akachukua bakuli la mchuzi. Mimi nilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Kijana aliyepotelewa na Kiswahili kiasi hicho, nikasema moyoni, hajazoea kudanganya. Siku hiyo alinipendeza, sitaki kuficha.

Lakini Gharib alikuwa kazini. Alirekodi sauti akaituma kwenye kundi la simu la Wazanzibari wa Guangzhou, ile nusu ya mwanzo tu, kwa kuwa ndiyo yenye utamu. Watu wa kundi lile wana ndugu zao, na ndugu zao wana ndugu zao. Kabla sijavua viatu nyumbani, Haroun alikuwa hewani.

"Bimdogo," akasema. Kaka yangu akikasirika hapigi kelele, anaongea polepole. "Kuna kijana amekiri mbele ya watu, anakula pilau, kwamba anatembea na mwanangu. Kila Jumapili. Na wewe sauti yako nimeisikia, unamuuliza wapi."

Nikamweleza. Kwa miguu, kaka. Hatua. Wanakwenda shamba, wanazunguka, wanarudi.

"Wanakwenda kwa nani?"

"Hawaendi kwa mtu."

"Wanakwenda kununua nini?"

"Hawanunui kitu, kaka. Wanatembea tu."

Akanirudishia yote. "Watu wazima, wasomi, wanapanda treni mpaka shamba la watu wasiowajua, wanazunguka kwenye tope, hawaendi kwa mtu, hawanunui kitu, wanarudi. Bimdogo, mimi ni mtoto? Tafuta uongo mwingine."

Na ukweli, nilipoyasikia maneno yale yametoka mdomoni mwa mtu mwingine, hata mimi yalianza kunitia shaka.

Akamaliza hivi: "Jumapili hii nenda nao. Ukaone kwa macho yako. Ukiniambia yule kijana ni mtu, nitamsikiliza. Ukiniambia si mtu, Lulu anapanda ndege mwezi huu, masomo atamalizia hapa Unguja. Neno lako ndilo langu." Akakata simu.

Nilipomwambia Lulu, hakubishana. Alikaa kwenye marobota ya jinzi pale sebuleni kwangu, mikono mapajani. "Shangazi," akasema, "mimi nampenda. Ukisema hapana sitashindana nawe, wala na Baba. Lakini nitalia, na nitalia sana, na wewe utanisikia." Nikamwambia aache kunitisha, akanichekea kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu tayari. Moyo uliniuma. Mtoto huyu hajawahi kuniomba kitu zaidi ya nauli.

Jumapili nikajitayarisha kutembea. Nikavaa baibui la nakshi, nikajifukiza, nikavaa ndara zangu za dhahabu. Lulu akaziangalia akafungua mdomo, nikamwambia aufunge. Wapi umeona mtu anakwenda kutembea kavaa kama anakwenda kubeba magunia?

Tulikuwa wanne. Wale wengine wa kundi, waliposikia shangazi mtu anakuja kukagua, wote walipata mitihani ya ghafla. Alibaki Gaudiosa peke yake, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bukoba, binti wa kucheka, ambaye alisema jambo kama hili hawezi kulikosa hata kwa shahada. Tukapanda treni ya chini mpaka Zengcheng, kisha basi dogo. Njiani tulipita karibu na Xintang, nikaonesha kwa kidole upande wa viwanda, nikasema kule wananijua mimi, kule nikiingia kila laoban, mwenye kiwanda, ananiwekea kiti. Kina Lulu wakaitikia kwa heshima, basi likapita. Bosi wa jinzi nikashushwa penye mfereji wa bata na miti.

"Hii," akasema Abdulwakil, ametia mikono kwenye mikanda ya begi lake, uso unang'aa, "tunaiita Njia ya Kondoo."

Nikatazama huku na huku. "Kondoo wako wapi?"

"Hakuna kondoo, Shangazi. Ni jina tu. Kule niliposoma kulikuwa na njia nyingi za kutembea kuzunguka mji. Njia ya Kinu, Njia ya Kanisa, Njia ya Kondoo. Hizi za hapa tumezipa majina yale yale."

"Kwa hiyo umesafiri mpaka China, kwenye bata, ukawaita kondoo."

Gaudiosa akasema Shangazi huyu wamlete kila Jumapili.

Tukaenda. Njia yenyewe, nisiidhulumu, ilikuwa nzuri kwa mwanzo. Mabwawa ya samaki huku, migomba kule, wazee wanacheza karata chini ya bati, wananitazama mimi na ndara zangu za dhahabu mpaka karata zinawaanguka. Nikawasalimia kwa Kichina changu cha sokoni, ambacho kina maneno ya bei tu. Mmoja akanijibu "tai gui le", ghali mno, tukacheka wote. Nikasema moyoni, Haroun angekuwepo angeona hapa hakuna dhambi, kuna mbu tu.

Nikamuuliza kijana habari za huko Uingereza, kwani nilitaka kumpima kwa mazungumzo. Akasimulia kwamba alipofika hakuwa na rafiki, wala msikiti wa karibu, na bibi mwenye nyumba aliyopanga, mzee wa miaka mingi, alimwona amekaa chumbani Jumapili nzima, akamgongea akamwambia avae viatu. Akampeleka kuzunguka mji kwa njia za mashambani. Jumapili iliyofuata tena. Njia zinapita katikati ya mashamba ya watu, kwenye ng'ombe wao, na wenyewe hawasemi kitu.

"Bila kubisha hodi?" nikauliza.

"Bila hodi, Shangazi. Njia zile ni haki ya kila mtu tangu zamani, zina vibao. Ila kila shamba lina geti. Na kitu cha kwanza alichonifundisha yule bibi ni hicho: geti liache kama ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, ukishapita lifunge. Siku moja nilisahau, akanirudisha kilima kizima nikalifunge."

"Na mwisho wa njia mlikuwa mnafika kwa nani?"

Akafikiri. "Tulikuwa tunarudi pale pale kwake. Ananipa chai."

Nikasema angalau chai ilikuwepo. Lulu alikuwa mbele yetu, nikaona mabega yake yanacheka.

Kisigino kilianza kunichubuka baada ya daraja la pili. Sikusema. Mwenyewe nilijitakia, nami si mtu wa kuwapa watoto nafasi ya kunicheka. Lakini Abdulwakil akapunguza mwendo bila kusema lolote, akaja kukaa nyuma yangu, na wenzake akawaambia tusimpite Shangazi, mwendo ni wake. Akaniokotea kifimbo cha mwanzi. Nikakipokea kwa kununa. Tope lilikwisha kuingia kwenye dhahabu, na pindo la baibui lilikuwa limebadilika rangi.

Kisha wingu likaja. Mvua za hapa mwezi wa sita hazipigi simu kwanza. Upepo ukageuka, mabwawa yakawa meusi, na sisi ndiyo kwanza tumefika kwenye geti.

Lilikuwa geti la mabomba na wavu, kufuli halina, limefungwa kwa waya uliosokotwa mara moja. Ndani yake, shamba la lichi. Kwa asiyezijua, lichi ni tunda dogo jekundu la ganda gumu, na ndani nyama yake nyeupe, tamu mpaka inakukera. Zilikuwa zimeiva, zinaning'inia mafungu mafungu mpaka matawi yameinama chini. Njia ilipita katikati ya miti ile moja kwa moja, na mwisho wake, kwa macho yangu, nikaona kituo cha basi. Kina paa. Kina benchi.

"Mara ya mwisho halikuwepo hili," akasema Lulu.

Gaudiosa akanyoosha mkono kwenye waya.

"Liache," akasema Abdulwakil.

"Ni waya tu."

"Limefungwa. Na hapa sijui kama tuna haki ya kupita. Ngoja tumwite mwenyewe." Akasogea mpaka getini, akaita kwa Kichina, laoban, laoban, tunaomba njia. Kimya. Akaita tena, akaweka mikono mdomoni, akaita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejibu ila bata, wako ndani ya shamba wanatupigia kelele. Akatugeukia. "Mwenyewe hayupo. Itabidi tuzunguke."

"Kuzunguka ni wapi?" nikauliza.

Akaonesha. Kulikuwa mbali. Njia ilikwenda na ukuta wa shamba mpaka kule kilimani, ikapotea kwenye mianzi, ikarudi.

Mimi nina hasira, kila mtu anajua, na siku hiyo ilikuwa imekaa kisiginoni. Tone la kwanza lilinipiga puani. Nikasema, "Abdulwakil."

"Naam, Shangazi."

"Fungua hilo geti."

"Shangazi, nisamehe. Si letu."

"Sikiliza, baba. Mguu wangu umechubuka. Mvua hii. Basi lile pale. Mimi leo sikuja hapa kutazama bata, nimekuja kwa sababu kaka yangu anasubiri neno langu juu yako. Nikisema ndiyo, ndiyo. Nikisema hapana, huyu binti mwezi huu yuko kwenye ndege. Sasa mimi huyo huyo nakwambia, kwa mdomo wangu, fungua geti."

Hata mvua nadhani ilisikiliza. Lulu alinitazama, akamtazama yeye, na sijawahi kuona mtu amekaza macho hivyo; alikuwa anamwomba, lakini sikuweza kujua anamwomba afungue au asifungue.

Kijana alikuwa anatetemeka. Akaivua kofia yake, akaivaa tena.

"Shangazi," akasema, "ukitaka nikubebe mgongoni, nitakubeba mpaka Xiaobei. Kulifungua, hapana. Siwezi. Nisamehe sana."

Nikamwambia mimi sibebwi. Nikavua ndara zangu za dhahabu, nikampa Lulu moja na Gaudiosa moja, nikashika kifimbo changu nikaanza kuzunguka. Wala sikumtazama. Mvua ilishuka yote. Nilikwenda pekupeku kwenye tope la Wachina, nanung'unika kwa sauti ili wote wasikie: Mpemba mbishi, kichwa jiwe, atamtesa mtoto wa watu, leo leo Haroun atapata neno lake. Nyuma yangu nilisikia tu Lulu anavuta kamasi, na mabuti ya Abdulwakil, hayanipiti wala hayabaki nyuma.

Kwenye mianzi nikaacha kunung'unika. Sijui kwa nini, labda pumzi ilikwisha. Nikawa naliona lile geti kichwani. Waya umesokotwa mara moja, mtoto wa chekechea angeufungua. Tunda limeiva. Hakuna wa kumwona. Na aliyeshika bahati yake mkononi amesimama pale anamwamuru afungue, na yeye anatetemeka na hafungui. Nikakumbuka anatembea na Lulu tangu mwezi wa tatu.

Tulipotokea upande wa pili, karibu na kituo, akaja mzee mmoja na pikipiki ya magurudumu matatu, amevaa koti la mvua, vikapu vya lichi nyuma. Akasimama kutushangaa. Abdulwakil akamweleza kwa adabu kwamba tulifika getini kwake, tukaita, hatukumpata, tukazunguka. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika usukani. Akasema maneno mengi. Lulu akageuka akautazama ukuta.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Lulu."

"Anasema," akasema Lulu, "geti lile ni la bata, wasitoke. Watu wa kijiji wote wanapita. Unafungua tu."

Nikamtazama Abdulwakil. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye pua. Mzee bado anacheka, akachukua fungu kubwa la lichi akaniwekea mikononi mimi, kwa kuwa mkubwa ni mimi na pekupeku ni mimi. Gaudiosa alikuwa amekaa chini kwenye tope, ameshindwa kusimama kwa kicheko. Nami nikaanza. Nilijaribu kununa, ikanishinda.

Simu ikalia tuko kwenye benchi la kituo. Haroun. Kicheko kikakatika hapo hapo. Lulu akashika mkono wa Gaudiosa. Abdulwakil akasimama akasogea pembeni, mvuani, ili asisikilize mambo ya watu.

"Ehe," akasema kaka yangu. "Umekwenda?"

"Nimekwenda. Kisigino kimechubuka, nimelowa mpaka kwenye mfupa, na ndara zangu zimekwisha."

"Sikukuuliza ndara. Huyo kijana ni mtu?"

Nikamwambia, "Kaka, nisikilize vizuri. Tulifika kwenye shamba la lichi. Zimeiva, mpaka matawi yameinama. Geti limefungwa kwa waya tu, kufuli hakuna. Mwenyewe hayupo. Mvua inakuja, na njia ya mkato inapita mle mle."

Kaka yangu amekulia Unguja, mafumbo haelezwi mara mbili.

"Wakaingia?" akauliza, polepole.

"Nilimwamuru mimi afungue. Nikamwambia kaka yangu anasubiri neno langu, fungua. Akakataa, anatetemeka. Akasimama nje akabisha hodi mpaka sauti ikamkauka, asijibiwe, akatuzungusha na mvua yote ile. Waya ule, kaka, uko vile vile ulivyokuwa."

Nikasikia feni la dukani kwake linazunguka.

"Mwambie kwangu mimi nipo," akasema. "Abishe hodi. Ataitikiwa."

Habari za bata sikumpa. Hakuniuliza.

Nilipoweka simu Lulu alikuwa hapumui. Nikampa lichi moja ashike, asije akaanguka, nikamwita kijana atoke mvuani. Akaja, amesimama mbele yangu mikono nyuma, anangoja hukumu kwa mabuti yaliyojaa maji.

"Abdulwakil, hayo mabuti ukayaoshe," nikamwambia. "Unakwenda Unguja kutembea. Kutembea kwa Kiswahili changu mimi: mwisho wa njia kuna mtu, na amekuwekea chai."